Mikwiro ya SD1 General ya Vic Firth: jozi iliyozaliwa na sikio la mpigaji timpani

Mtu anayenunua mikwiro ya ngoma kwa mara ya kwanza huangalia unene, urefu na bei, kisha hutoa pesa. Ni heri angeanza kwa kuigonga yote miwili, mmoja baada ya mwingine, juu ya meza ya mbao, akisikiliza iwapo inatoa sauti ya kimo kimoja, yaani ya juu au ya chini kwa kiwango kile kile. Mikwiro ya aina ya SD1 General inayotengenezwa na kampuni ya Vic Firth imechaguliwa ili itoe kimo kimoja, na kwa maoni yangu, mimi ninayeitumia katika kupiga na katika kufundisha vijana, hiyo ndiyo sifa inayohalalisha bei yake. Ubora wa mbao, ulaini mkononi na uzuri wa umbo hupatikana pia kwa watengenezaji wengine wazuri, na hata huko kulinganisha sauti siku hizi kunaigwa. Hata hivyo, anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni mtu ambaye alikuwa mpigaji wa timpani, zile ngoma kubwa za okestra, kwanza, mwalimu pili, na mfanyabiashara baadaye kabisa, nami sioni namna ya kuitathmini bidhaa hii vizuri bila kuieleza kazi yake.

Everett Joseph Firth, ambaye wanamuziki walimjua kwa jina la Vic, alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Winchester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akakulia katika jimbo la Maine. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta na koneti, na mtoto alianza kufundishwa koneti akiwa na umri wa miaka 4. Baadaye alijifunza piano, tromboni, klarineti na nadharia ya muziki, na ilikuwa katika shule ya sekondari ndipo ngoma ilipomteka kabisa. Alipofikisha miaka 16 alikuwa na bendi yake mwenyewe yenye watu 18, iliyotumbuiza katika majimbo ya New England. Nayataja haya kwa sababu ipo dhana, hata miongoni mwa baadhi ya walimu wetu wa bendi, kwamba ngoma hupewa mtoto aliyeshindwa kupuliza au kusoma nota. Huyu alizijua ala nyingi na kanuni za muziki kabla ya kuamua kwamba atabaki nyuma ya okestra na ngoma zake, na mtu anaposikiliza kazi yake hupata hisia kwamba alikuwa akiufuata muziki wote, si mistari yake peke yake.

Masomo ya juu aliyapata katika New England Conservatory mjini Boston. Miongoni mwa walimu waliomlea kimuziki walikuwamo Roman Szulc, mpigaji timpani wa Boston Symphony Orchestra, na Saul Goodman wa New York Philharmonic, ambaye naye alifundisha miaka mingi katika chuo cha muziki cha Juilliard na kujitengenezea ngoma na virungu vya timpani. Mwaka 1952, akiwa bado mwanafunzi, Firth aliajiriwa na Boston Symphony Orchestra, wakati huo ikiongozwa na Charles Munch, akawa kijana kuliko wanamuziki wote waliokuwamo. Mwaka 1956 alipewa kiti cha mpigaji mkuu wa timpani, na hakukiachia mpaka mwaka 2002. Katika kipindi hicho viongozi wakuu wa okestra walibadilika kutoka Munch kwenda Erich Leinsdorf, kisha William Steinberg, kisha Seiji Ozawa, aliyeondoka Boston mwaka ule ule ambao Firth alistaafu. Viongozi wanne wenye tabia tofauti na masikio tofauti, mpigaji ni yule yule.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa karibu na timpani, inafaa nieleze kazi hiyo ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyoizaa mikwiro hii. Timpani ni ngoma kubwa zenye mwili wa shaba ulioviringika kwa chini na kuwambwa ngozi au plastiki kwa juu, na tofauti na ngoma nyingi za okestra, kila moja hutoa nota kamili inayoweza kuandikwa. Kwa kawaida mpigaji huzungukwa na nne au zaidi, na kila moja ina kanyagio la kukaza au kulegeza uwambo ili kimo kipande au kishuke. Sehemu kubwa ya muda wake mbele ya hadhira haipigi chochote. Anahesabu mapigo ya ukimya, pengine zaidi ya mia moja, na ndani ya ukimya huo anainama, anagusa uwambo kwa kidole, anasikiliza mlio mdogo ambao jirani yake hausikii, na kuiweka ngoma kwenye nota ambayo okestra bado haijaifikia, huku watu wapatao themanini wakimpigia nota nyingine masikioni. Akikosea kidogo, ukumbi wote utajua, kwa maana pigo la timpani halifichiki chini ya fidla.

Mtu anayeishi katika hali hiyo mwaka baada ya mwaka lazima ajenge sikio lisilovumilia ukaribiano. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1963, alipotakiwa kupiga kazi zilizohitaji mikwiro bora kuliko ile iliyokuwa ikiuzwa wakati huo. Alichukua mikwiro minene aliyokuwa nayo, akaichonga kwa mkono hadi ikafikia umbo alilotaka, kisha akaipeleka kwa fundi wa kukereza mbao mjini Montreal, Kanada, amtengenezee mingine kwa kufuata vielelezo hivyo. Hakukusudia kufungua kampuni. Alikuwa akifundisha, wanafunzi wakaiona mikononi mwake, wakaitaka, na baada ya wanafunzi yakafuata maduka. Vielelezo vile viwili vya mwanzo ndivyo vilivyopewa majina SD1 General na SD2 Bolero, na vyote viwili vinauzwa hadi leo.

Kuhusu kulinganisha sauti, inasimuliwa kwamba siku moja mikwiro ilimponyoka, na ilipogonga sakafu alisikia kwamba kila mmoja unalia kwa kimo chake. Mtu mwingine angeinama akaiokota tu. Yeye aliamua kwamba jozi haitauzwa tena mpaka mikwiro yake miwili iwe na uzito unaokaribiana na mlio unaofanana. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa mbwembwe za biashara, nami nawaelewa, kwani juu ya seti ya dramu ndani ya bendi ya dansi yenye magita matatu na vipaza sauti vikubwa, hakuna atakayesikia kwamba mkono wa kulia una mkwiro mkali kuliko wa kushoto. Katika okestra, mbele ya hadhira iliyonyamaza, hali ni nyingine kabisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kazi ambayo mkwiro wa SD2 umechukua jina lake, yaani Boléro ya Maurice Ravel ya mwaka 1928. Humo mpigaji wa ngoma ndogo ya nyaya, jamaa ya ile ambayo vijana wa bendi za matarumbeta huivaa kiunoni, huanza peke yake kwa sauti ya chini kuliko mnong'ono, na kuurudia mdundo ule ule wa mapigo 24 mara 169, kwa takriban dakika 15, huku okestra ikijaa polepole juu yake. Mikono inapokezana katika kila mdundo. Kama mkwiro mmoja una mlio wa juu kuliko mwenzake, msikilizaji atasikia midundo miwili ndani ya mmoja, wa kulia na wa kushoto, na mkazo utaangukia mahali ambapo mtunzi hakuuweka. Mpigaji mwenye ustadi anaweza kuirekebisha kasoro hiyo kwa vidole, lakini atakuwa anatumia nguvu za akili kwa jambo ambalo lilipaswa kumalizwa kiwandani.

Sasa mikwiro yenyewe. SD1 ni mnene: kipenyo chake ni karibu milimita 16 na urefu wake ni takriban sentimita 41 na nusu. Anayeuona dukani kando ya 5A, mkwiro maarufu zaidi wa wapigaji wa seti ya dramu ambao una kipenyo cha milimita 14 na kitu, hudhani utakuwa mzito kama rungu. Akiushika anashangaa. Siri ni mbao. Mkwiro wa 5A wa kampuni hiyo hiyo hutengenezwa kwa hikori, mti mgumu na mzito unaostahimili vishindo, ilhali SD1 hutengenezwa kwa mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na mbao yake ni nyepesi kuliko hikori. Kwa hiyo mpigaji anapata unene wa kujaza kiganja bila kubeba uzito unaochosha kifundo cha mkono. Ncha yake ni ya duara. Ncha ya namna hiyo hugusa uwambo kwa eneo lile lile hata pembe ya mkono inapobadilika, na matokeo yake ni sauti inayobaki ile ile, iliyo nene kidogo, ambayo katika mrindimo mrefu huungana vizuri kiasi kwamba mapigo mojamoja hayahesabiki.

Kwa mwanafunzi, unene huo ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mkwiro mwembamba humfanya mtoto akaze vidole ili usimponyoke, na mkono uliokaza hauachi mkwiro udunde. Kwa SD1 ninaweza kumwambia kijana alegeze kidole cha mwisho, kisha cha pili yake, na bado mkwiro ukatulia mkononi na kurudi wenyewe baada ya kugonga. Nimeona tofauti hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa sianzi kumfundisha mtu mrindimo kwa mikwiro mingine ikiwa hii ipo. Naamini hili halikutokea kwa bahati. Firth alifundisha katika New England Conservatory, ambako aliongoza idara ya ala za kupigwa, na pia katika kituo cha muziki cha Tanglewood, makao ya kiangazi ya okestra yake. Aliandika pia mazoezi ya timpani na ya ngoma ya nyaya ambayo yanatumiwa bado katika vyuo. Mtu anayetazama mikono ya wanafunzi wiki baada ya wiki hujua ni wapi inaposhikwa na woga, na mkwiro wake umetengenezwa kwa ajili ya mkono huo.

Hapa pana jambo ambalo shule na makanisa yetu yenye bendi yangepaswa kulizingatia kabla ya kununua. Faida ya mikwiro iliyolinganishwa ipo katika jozi, si katika mkwiro mmoja mmoja. Katika stoo nyingi za bendi, mikwiro yote hufungwa pamoja kwa mpira au kutupwa kwenye sanduku moja, na kila kijana hujichukulia miwili ya kwanza inayomfikia mkononi. Baada ya juma moja hakuna jozi tena, na fedha iliyolipwa zaidi kwa ajili ya kulinganishwa imepotea, kwa sababu kila mpigaji sasa yuko kama mtu aliyevaa kiatu chake mguu mmoja na cha mwenzake mguu wa pili. Mimi huandika namba moja kwa wino kwenye vitako vya mikwiro yote miwili ya jozi, na kijana hapewi mmoja bila mwenzake. Mkwiro mmoja ukivunjika, ule uliobaki huwa wa kujifunzia kwenye padi ya mpira, wala hauunganishwi na mjane mwingine. Shule isiyoweza kusimamia utaratibu huo inunue mikwiro ya kawaida iliyo mizima, iweke akiba ya fedha kwa ajili ya kubadilisha nyuso za ngoma, ambazo kwa kweli ndizo huchakaa na kuharibu sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Tena mepo ina mipaka yake. Mpigaji wa bendi ya maandamano anayegonga ukingo wa chuma pamoja na uwambo kwa nguvu, juani, barabarani, ataila SD1 upande mmoja upesi, kwa kuwa mbao hii huacha alama za kingo mapema kuliko hikori. Hilo si kosa la mtengenezaji, kwani ni tabia ya mti wenyewe, na kampuni hiyo ina mikwiro mingine ya kazi hiyo. Vivyo hivyo, sioni sababu ya kuipeleka kwenye ngoma zetu za ngozi ya ng'ombe au mbuzi, kama chapuo au vumi, zenye mikwiro na mikono yake iliyozoeana nazo kwa vizazi vingi. Na kwa mpigaji wa seti ya dramu anayecheza mchana kanisani na usiku ukumbini, 5A ya hikori itamfaa zaidi na itadumu zaidi, ingawa ncha yake yenye umbo la tone itabadili sauti ya matuazi kulingana na pembe anayoyapigia.

Virungu vya timpani vya kampuni hiyo navitaja kwa ufupi, kwa kuwa ni wachache katika ukanda wetu wenye ngoma za kuvitumia. Vina mipini ya mepo na vichwa vya felti vya ugumu mbalimbali: T1 General kwa kazi za kila siku, T2 Cartwheel kilicho laini kwa mirindimo na sauti za mviringo, T3 Staccato kwa midundo inayotaka kusikika mmoja mmoja, na vigumu zaidi kuliko hivyo. Mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu achague T1. Mwenye uwezo wa mbili aongeze T3, si T2, kwa maana mpigaji mwenye mikono mizuri anaweza kulainisha sauti ya T1, lakini hakuna mikono itakayoipa felti laini makali ya kutamka mdundo wa haraka ndani ya ukumbi wenye mwangwi. Felti haipendi mafuta ya vidole wala vumbi. Ishikwe kwa mpini na ihifadhiwe kwenye mfuko.

Kitu ambacho ningemshauri hata asiyekuwa na shilingi ya kununulia ni masomo ambayo kampuni imeyaweka katika tovuti yake bila malipo. Humo mna video za mazoezi 40 ya msingi ya ngoma ya nyaya, orodha ile iliyopangwa na chama cha wapigaji ala za kupigwa cha Marekani, Percussive Arts Society, mwaka 1984. Kila zoezi linaonyeshwa taratibu kisha kwa kasi, mikono ikionekana vizuri, na nota zake zimeandikwa. Kwa mwalimu wa bendi ambaye yeye mwenyewe alijifunza tarumbeta na ameachiwa wapiga ngoma kwa sababu hakuna mwingine, hilo ni jambo kubwa sana. Kasoro ninayoiona ni kwamba lugha ya masomo ni Kiingereza, na kijana wa darasa la sita atahitaji mtu wa kumfafanulia. Lakini mikono haihitaji mkalimani sana, na nimewahi kuwaacha wanafunzi watazame zoezi bila sauti ya mwalimu, wakalinasa.

Kampuni yenyewe si tena ya familia peke yake. Mwaka 2010 iliungana na Zildjian, watengenezaji wa matuazi ambao historia yao inaanzia Istanbul mwaka 1623, na Firth alifariki Julai 2015 mjini Boston akiwa na umri wa miaka 85. Mikwiro inaendelea kutengenezwa katika mji wa Newport, jimbo la Maine. Wapenda mambo ya kando watafurahi kujua kwamba biashara hiyo iliwahi pia kutengeneza visagio vya pilipili na vijiti vya kusukumia unga wa chapati, na ukifikiri kidogo hutashangaa, kwa kuwa mashine inayokereza mti mnyoofu haiulizi utakwenda ukumbini au jikoni.

Anayenunua katika miji yetu atakuta bei inayotosha kumpatia jozi mbili au tatu za mikwiro isiyo na jina, na akiagiza kutoka nje, usafiri na ushuru vitaongeza mzigo. Kwa hiyo akague kabla ya kulipa. Aviringishe kila mkwiro juu ya kioo au meza iliyonyooka: unaoyumba umepinda, na katika unyevu wa pwani mbao iliyokaa vibaya ghalani hupinda hata ikiwa ilitoka kiwandani ikiwa imenyooka. Aangalie nyuzi za mbao, ziende sambamba na urefu wa mkwiro badala ya kukata kiubavu karibu na shingo ya ncha, mahali panapovunjika kwanza. Kisha aigonge yote miwili mezani na kusikiliza. Jozi yenye nembo ya kampuni inayolia kwa vimo viwili tofauti, ama imechanganywa na muuzaji, ama si ya kampuni hiyo, na katika hali zote mbili haifai kulipiwa bei ya SD1.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa ngoma ya nyaya, au mpigaji wa bendi ya polisi au ya jeshi ambaye hupiga pia ndani ya ukumbi, ningesema anunue jozi moja ya SD1, na akiweza baadaye aongeze SD2 kwa ajili ya vifungu vyepesi, kwa kuwa ncha yake ni ndogo na hutamka kila pigo kwa ukali zaidi. Jozi ya tatu ibaki dukani mpaka moja kati ya hizo ivunjike.